Ufunguo wa mashine anao nani?

Mhariri,

Naomba nafasi nichangie mjadala wa mashine za kompyuta na ujuzi wa mafundi. Wengi wanailaumu mashine kwamba inaua ujuzi huo. Nionavyo mimi, mashine inasingiziwa. Ujuzi hufia pale meneja anapoamua nani aguse nini.

Tazama mashine ya kukereza vyuma inayoongozwa na kompyuta. Inatoa shafti, yaani mihimili ya chuma ya mviringo, za kipenyo cha milimita 40, na mchoro unaruhusu kuzidi au kupungua milimita 0.02 tu. Ncha ya kukatia inalika kadiri kazi inavyokwenda. Ikilika 0.01, kipenyo kinaongezeka 0.02, kwa kuwa shafti inazunguka na upungufu unahesabika pande zote mbili. Tayari uko ukingoni. Dawa yake ni ya dakika moja: pima kwa maikromita, kifaa cha kupimia unene kwa usahihi, fungua ukurasa wa marekebisho ya ncha kwenye kompyuta ya mashine, punguza kipenyo 0.02, endelea.

Lakini karakana nyingi ukurasa huo umefungwa kwa nywila, na nywila anayo mwandishi wa programu, yaani anayeiandikia mashine maagizo, huko ofisini. Kazi ya opereta ni kupakia chuma, kufunga mlango na kubonyeza kitufe. Anaona vipimo vinapanda, anaita ofisi, ofisi iko kikaoni. Akisimamisha mashine anaulizwa idadi. Akiiacha, zinatoka shafti za kutupa. Haupiti muda anaacha kupima kwa makini, maana apime ili iweje? Kisha wakubwa wanasema: mnaona, hawa hawana ujuzi, tulifanya vyema kufunga.

Kumpa nywila bila mafunzo nako ni hasara. Chuma cha kawaida hutanuka takriban milimita 0.012 kwa kila mita, joto likipanda nyuzi moja. Shafti yetu ikitoka na nyuzi 30 zaidi ya joto la chumba, itasomeka imezidi kwa 0.014 hivi. Asiyejua hilo ataingiza marekebisho, na shafti zikipoa zitakuwa nyembamba. Iliyozidi unairudisha mashineni ikapunguzwa; iliyopungua imekwenda hiyo. Aliyewahi kukereza kwa mkono huisubiri ipoe, au hulitoa joto kwenye hesabu yake.

Uamuzi wa kutenga kichwa na mkono ni wa zamani. Mwaka 1832 Charles Babbage, mwanahisabati wa Uingereza, alikwisha kueleza kwamba kazi ikigawanywa vipande, mwajiri hulipa kila kipande kwa ujuzi wake tu. Frederick Taylor, mhandisi wa Marekani, naye akataka fikra zote zitoke karakana zihamie idara ya mipango. Hata mashine zenyewe zilikuwa na njia mbili. Miaka ya 1940 kulikuwa na mtambo uliorekodi mwendo wa mikono ya fundi kwenye utepe kisha ukarudia mwendo ule ule. Ulioshinda ni ule wa namba zinazoandikwa mbali na karakana, ulioonyeshwa MIT, chuo kikuu cha teknolojia cha Marekani, mwaka 1952. Kwa maumbo magumu ya ndege, namba zilikuwa na faida ya kweli, hilo silikatai. Kwa shafti ya kawaida, sababu ilikuwa nani aamrishe.

Na bei ya kutenga kichwa na mkono haiandikwi kwenye hesabu ya ununuzi. Henry Ford, mtengenezaji wa magari wa Marekani, alipoleta mkanda wa kuunganishia magari mwaka 1913, mtu alifundishwa kazi upesi na kuiacha upesi: mwaka huo waliotoka walifikia asilimia 370 ya nguvukazi, yaani kila nafasi ilijazwa upya karibu mara nne. Januari 1914 akatangaza ujira wa dola 5 kwa siku ili wasiondoke.

Ninachopendekeza hakihitaji mashine mpya. Nyingi zilizopo zinakubali kuwekewa kikomo: opereta arekebishe hadi 0.05 kwa mara moja, zaidi ya hapo aite mtu. Kila badiliko liandikwe kwenye daftari: saa, kipimo, kama shafti ilikuwa ya moto au imepoa, na ncha imekwisha kukata shafti ngapi. Mwezi mmoja wa daftari hilo utaonyesha ncha inadumu kiasi gani, jambo ambalo ofisini hukisiwa tu. Na mwandishi wa programu ashinde karakana walau saa moja kila asubuhi, aone kwa nini opereta hupunguza mwendo wa ncha kwenye mkato wa mwisho.

Mkufunzi wa ufundi mitambo