Sharti la mwongozaji Kilimanjaro libaki, lakini limfae anayesafiri peke yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie mjadala unaozuka kila msimu wa kiangazi unapokaribia na wageni kuanza kumiminika Moshi, nao ni ule wa watu wanaotaka kuupanda Mlima Kilimanjaro peke yao. Tangu mwaka 1991 taratibu za hifadhi zinamtaka kila anayekwenda kileleni awe na mwongozaji mwenye leseni. Wapo wanaosema, wageni na Watanzania vilevile, kwamba sharti hilo liliwekwa ili kuwapatia watu ajira tu, na kwamba mtu mzima mwenye afya njema na ramani nzuri aachwe aende zake. Mimi nimeongoza watalii katika mlima huo kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, kwa hiyo msomaji ana haki ya kunishuku kwamba natetea ugali wangu. Namwomba anisikilize kwanza.

Watu wanaopenda kutembea peke yao milimani nawaheshimu sana. Wengi wao ni wazoefu waliokwisha kutembea Alps au Patagonia wakiwa na hema mgongoni, na wanachokitafuta ni ukimya na nafasi ya kwenda kwa mwendo wao bila kusukumwa na mtu. Yeyote aliyetoka katika msitu wenye ukungu juu ya Marangu, akapita kwenye vichaka na mimea mikubwa iitwayo senesio iliyosimama kama watu waliojitanda mablanketi, kisha akaingia kwenye uwanda mkavu ulio kati ya Mawenzi na Kibo, vilele viwili vya mlima huo, anaelewa kwa nini mtu angetaka kuyaona hayo bila kelele za kundi. Hoja yangu haipingi hamu hiyo.

Tatizo ni kwamba Kilimanjaro hupandwa kwa haraka mno ukilinganisha na urefu wake. Mtu anaweza kulala Moshi, mahali pasipofikia hata mita 1,000, na siku chache baadaye akawa anaelekea kilele cha Uhuru, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, ambako kwa kila pumzi anapata karibu nusu tu ya oksijeni anayoipata mtu aliye pwani. Maumivu ya kichwa, kichefuchefu na kukosa usingizi ni mambo ya kawaida, na mpandaji huyatambua mwenyewe. Hatari kubwa ni pale ubongo unapoanza kuvimba, kwa sababu kiungo kinachougua ndicho hicho hicho ambacho mgonjwa anakitegemea kumwambia kwamba anaumwa.

Nieleze jambo moja nililolishuhudia usiku, juu ya kambi ya Barafu, saa kadhaa kabla ya mapambazuko. Mgeni niliyekuwa naye alikuwa mtembeaji hodari, aliyezoea kwenda peke yake katika nchi za baridi, na siku zote za safari hakuwa amelalamika hata mara moja. Alikaa juu ya jiwe, akavua glavu, akaziweka pembeni kwa utaratibu kabisa, akasema anasikia joto, wakati maji katika chupa yangu yalikuwa yameanza kuganda. Nilimwomba asimame na atembee hatua kumi kwa kuweka kisigino mbele ya kidole, kama tunavyofundishwa kumpima mgonjwa wa namna hiyo. Hatua ya tatu aliyumba, ya nne akaniegemea, lakini bado aliniambia kwa sauti ya upole kwamba yuko sawa na kwamba tuendelee. Nilimshika mkono mmoja, msaidizi wangu akamshika mwingine, tukamteremsha. Tulipofika kambi ya Mweka, karibu na mwanzo wa msitu, alikuwa akizungumza vizuri na akiniuliza glavu zake ziko wapi. Dawa ya kwanza ya maradhi hayo ni kushuka, na kwa kawaida mtu aliyefikia hali ile hawezi kuamua mwenyewe kushuka. Hakuna ramani wala simu inayoweza kuchukua nafasi ya mtu wa pili hapo.

Tena mlima wenyewe unabadilika. Kati ya mwaka 1912 na 2007 barafu ya Kibo ilipungua kutoka takriban kilomita za mraba 12 hadi chini ya 2, na barafu ya Furtwängler iliyo ndani ya kreta, yaani shimo la volkano la kileleni, ambayo wazee waliotutangulia kazini waliijua ikiwa ukuta mmoja mrefu, imesinyaa na kupasuka vipande. Barafu inapoondoka huacha wazi mawe iliyokuwa imeyashikilia kwa miaka mingi, nayo hulegea hasa jua linapoyapasha asubuhi. Januari 2006 mawe yaliporomoka kwenye njia ya Western Breach, si mbali na barafu ya Arrow, yakawaua Wamarekani watatu, na njia hiyo ikafungwa kwa muda. Anayepanda kwa kufuata maelezo yaliyoandikwa miaka 20 iliyopita anaweza kukuta kokoto telezi pale alipoahidiwa theluji ngumu. Waongozaji wanaopita hapo kila wiki huambizana mapema mahali palipoharibika.

Hata maji ni shida ambayo mgeni haitegemei, kwa kuwa anaiona barafu juu yake. Vijito vingi vya Kilimanjaro hupata maji yake kutokana na mvua na ukungu wa msituni, na kambi ya Barafu haina maji kabisa. Yanayonywewa pale hubebwa na wapagazi kutoka bonde la Karanga. Mtu aliye peke yake angeyabeba mwenyewe, pamoja na hema na chakula, siku ambayo mwili unahitaji kupumzika.

Kwa sababu hizo naona sharti libaki, na si Tanzania pekee inayofikiri hivyo, maana Nepal nayo ilitangaza kwamba kuanzia Aprili 2023 wageni wanaotembea milimani wawe na waongozaji. Hata hivyo wanaolalamika wana hoja mbili za kweli ambazo sisi wa sekta hii tumezipuuza.

Ya kwanza ni gharama. Kiingilio cha Mtanzania ni kidogo kikilinganishwa na cha mgeni, lakini anayekwenda bila kundi hulipia peke yake mwongozaji, mpishi na wapagazi, na kijana mwenye mshahara wa kawaida hawezi. Napendekeza uongozi wa hifadhi, kwa kushirikiana na vyama vya waongozaji na vya wapagazi, upange tarehe maalumu za kuondoka geti la Marangu, ambapo raia mmoja mmoja anaweza kujiandikisha na kuchangia timu moja na wenzake asiowajua. Njia ya Marangu ina vibanda vya kulala vya Mandara, Horombo na Kibo, hivyo hema hazihitajiki na mizigo ni michache. Malipo ya wapagazi yasiguswe katika kutafuta unafuu huo, wala uzito wa mzigo usizidi kilo 20 zilizoruhusiwa.

Ya pili ni ukimya. Baadhi yetu huongea na mgeni kutoka getini hadi kileleni tukidhani ndiyo ukarimu, na wengine hutembea wamemkaribia mno hata pale njia ni pana na salama. Chini ya mita 4,000 mwongozaji anaweza kukaa nyuma hatua 50 bila kumpoteza mtu wake machoni, mkikubaliana mapema mahali pa kusubiriana. Jambo hilo liingizwe katika mafunzo ya leseni, pamoja na namna ya kumwambia mgeni, kabla hamjaondoka getini, kwamba juu ya kambi ya Barafu au kibanda cha Kibo umbali huo utafutwa na kwamba mwongozaji akisema tushuke, hakuna mjadala.

Mwongoza watalii,
Marangu, Kilimanjaro