Barua kwa shangazi anayehamia Tanga na paka mwenye figo

Shangazi, shikamoo.

Nimesikia mizigo imeanza kufungwa na kwamba Upanga mnaiaga mwisho wa mwezi. Uliponipigia hukuniuliza habari ya kabati wala friji. Uliuliza moja tu: huko Tanga nani atamtibu Chausiku? Nilikujibu harakaharaka kwa sababu nilikuwa zamu na sampuli zimejaa mezani. Leo nakujibu kwa kituo, tena hadharani, maana hauko peke yako. Kila nikimtaja paka wako mahali, hakosi mtu mwenye paka aliyekula chumvi, ana figo, au sukari, au presha, na daktari wake amestaafu au yeye mwenyewe amehamishwa kikazi.

Jambo lenyewe ni hili. Wewe umemwona Chausiku miaka 14. Daktari mpya atamwona mara moja. Atampima damu, atapata namba moja, na namba hiyo itamshtua, kwa sababu ni mbaya kweli. Kreatinini, yaani taka ya damuni ambayo figo hutakiwa kuitoa, ikiwa 2.6 si ya paka mzima. Lakini mwaka jana ilikuwa 2.4, baadaye 2.5, na muda wote huo anakula, anapanda dirishani, anapiga makelele saa kumi na moja alfajiri kama kawaida yake. Hizo ni figo mbovu zilizotulia. Paka aliyekuwa na 1.5 miezi miwili iliyopita na leo ana 2.6, huyo hali yake ni ya haraka. Karatasi za leo za paka hawa wawili zinafanana, na kinachowatenganisha ni karatasi za nyuma. Sasa hizo za nyuma ziko kwenye kabati la kliniki hapa Dar, na kabati halipandi basi.

Kwa hiyo kabla hujafunga hata sufuria, nenda kwa daktari wako wa sasa ukamuage. Najua unaona haya, kana kwamba unamtupa mtu aliyekutendea wema. Wagonjwa kuhama ni jambo la kila siku kwao. Mwombe nakala za majibu yote ya damu na mkojo, hata yale ya zamani yaliyokuwa mazuri, maana ndiyo yanayoonyesha alikoanzia. Mwombe aandike majina ya dawa kama yalivyo kwenye boksi, na kipimo kwa miligramu. "Robo asubuhi" haimsaidii mtu; robo ya kidonge cha ukubwa gani? Halafu muulize kitu ambacho mafaili mengi hayakiandiki vizuri: dawa zilizojaribiwa zikaachwa, na sababu yake. Ile dawa ya hamu ya kula iliyomfanya Chausiku azunguke nyumba usiku kucha akilia, unaikumbuka vizuri sana. Daktari mpya asipoambiwa ataianza upya, kwa nia njema kabisa.

Muulize pia anamfahamu nani Tanga. Madaktari wa wanyama wa nchi hii wengi wao wamepita SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, pale Morogoro na wanajuana hadi majina ya utani. Simu moja baina yao itakufikisha mbali kuliko wewe kuulizia mtaani. Yeyote utakayempata, hakikisha amesajiliwa na Baraza la Veterinari Tanzania. Mtaani kila mwenye kiboksi cha chanjo tunamwita daktari. Bwana mifugo simdharau hata kidogo, kwa ng'ombe na kuku anajua kazi yake, ila figo za paka mzee ni habari nyingine.

Sasa niingie kwenye eneo langu, la maabara, univumilie, maana hapa ndipo ninaposhinda kutwa.

Kreatinini huandikwa kwa vipimo viwili. Mashine nyingine hutoa miligramu kwa desilita, nyingine mikromoli kwa lita. Ile 2.6 ya Chausiku kwenye mashine ya aina ya pili inasomeka 230. Damu ni ileile, figo ni zilezile. Unazidisha tu kwa 88.4. Asiyejua anaweza kuzimia hapohapo kaunta akidhani paka amekwisha. Wataalamu wa figo za wanyama wameugawa ugonjwa huu madaraja manne, na la pili linaanzia 1.6 hadi 2.8, yaani 140 hadi 250. Chausiku yuko daraja la pili, upande wa juu. Andika namba zote mbili kwenye daftari lako, na ukipewa majibu yoyote, tazama kwanza kipimo kilichoandikwa mbele ya namba.

Jingine: kliniki nyingi ndogo hazina mashine yao, damu ya paka inapelekwa maabara ya watu. Hakuna ubaya, mashine haijui damu ya nani. Tatizo ni kwamba karatasi inatoka na viwango vya binadamu pembeni. Kwa mtu mzima, kreatinini ikipita 1.2 au 1.3 hivi inawekewa H kubwa, yaani iko juu, wakati paka asiye na tatizo lolote anaweza kukaribia 1.6. Achana na H. Soma namba, ilinganishe na ya nyuma. Na uliza damu inasafirishwa vipi, kwa sababu ikikaa muda mrefu bila kutenganishwa, sukari inashuka na fosfeti, madini ambayo figo mbovu hushindwa kuyatoa, inapanda. Hiyo fosfeti ndiyo daktari anayoitazama akiamua habari ya chakula, kwa hiyo ikipanda kwa sababu ya bodaboda aliyechelewa, Chausiku atanyang'anywa kitoweo bila kosa.

Kuhusu siku ya safari yenyewe. Dar hadi Tanga ni kama kilomita 350, ndani ya basi, na joto letu unalijua. Hatakunywa, hatakula, atalia hadi Chalinze kisha atanyamaza kwa hasira. Mwili ukikauka kreatinini inapanda yenyewe. Ukimpima kesho yake utakuwa umepima safari. Nakushauri damu na mkojo vichukuliwe hapa Dar, siku chache kabla hujaondoka, halafu Tanga apimwe baada ya wiki mbili hivi, akishazoea chumba na ameanza kunywa kama zamani. Hayo ni endapo yuko sawa. Akipitisha siku nzima hajagusa chakula, au anatapika mfululizo, au hakojoi, usingoje wiki mbili wala kesho. Muulize daktari wa sasa kama ampe maji ya chini ya ngozi asubuhi ya safari. Kwenye tenga lake mtandikie khanga uliyokwisha kuivaa, usiifue.

Kwa daktari mpya, mara ya kwanza nenda bila Chausiku. Lipa ada ya kumwona, kaa, mpe faili. Hapo utajifunza mengi kwa kumtazama tu. Anayelifungua na kuuliza, "huu mkojo ulipimwa lini?" huyo mshike. Anayelisukuma pembeni na kusema, "mlete tu tutaangalia", mshukuru uondoke, hata kama ana kliniki yenye kiyoyozi. Muulize ana kifaa cha kupimia presha ya paka? Wengi hawana. Akienda vijijini kwenye chanjo za ng'ombe, anabaki nani? Usiku anapokea simu? Usione haya kuuliza. Ni heri ujue sasa kuliko kugonga geti lililofungwa saa nane za usiku.

Presha inanitia wasiwasi kuliko figo zenyewe. Ile amlodipini ya binadamu ya miligramu 5 unayoikata kwa wembe juu ya kisahani, nusu, robo, kisha nusu ya robo, hadi vipande vingine vinakuwa unga: kipande kimoja ni miligramu 0.625. Mwonyeshe daktari mpya kisahani hichohicho na wembe, aone kwa macho yake unachompa. Hapa Dar presha yake ilikuwa inakaa chini ya 160, na ikivuka 180 macho yako hatarini. Ukikosa wa kukupimia kwa muda, mtazame anapoota jua dirishani. Mboni zinatakiwa kuwa nyembamba kwenye mwanga mkali. Zikibaki zimefunguka wazi, au akaanza kujigonga kwenye miguu ya viti, mpeleke siku hiyohiyo, maana pazia la nyuma ya jicho huenda linabanduka.

Dawa nyingine ziogope. Akichechemea, mtu atakwambia mpe panado. Paracetamol inaua paka, hata kipande kidogo, kwa sababu ini lake haliwezi kuivunja. Diklofenaki usiiguse. Na sindano yoyote ya kutuliza maumivu, muulize daktari kwa adabu: "Hii inaelewana na figo zake?" Daktari mzuri hachukii swali hilo. Usikubali pia kuogeshwa dawa ya kupe ya ng'ombe au ya mbwa. Nyingi zina vitu vya jamii ya permethrini, ambavyo mbwa anavistahimili na paka vinamtia degedege.

Pamoja na yote hayo, shangazi, usiende Tanga kumtafuta pacha wa daktari wako wa Upanga. Huyu mpya ana macho mapya. Chausiku anakula vizuri lakini amepungua, na tumezoea kusema ni uzee na figo. Daktari mwingine anaweza kusema tupime tezi ya shingoni. Akisema hivyo, mkubalie, tena nitafurahi. Paka wazee wengi tezi hiyo inawazidi kasi: wanakula sana, wanakonda, moyo unakimbia. Kwa kuwa moyo unasukuma damu nyingi kwenye figo, majibu ya figo yanaonekana mazuri kuliko hali halisi. Ndiyo maana matibabu yake huanza polepole na figo zinapimwa tena baada ya wiki chache.

Ninachokuomba ni akibadilisha, abadilishe kitu kimoja kimoja. Chakula kipya, kidonge kipya na kiwango kipya cha maji ndani ya siku moja, kisha paka akatapika, utamlaumu nani? Mwambie tu, "Daktari, tuanze na kimoja, nitakuletea habari baada ya wiki." Isipokuwa hali ikiwa ya dharura, hapo mwache afanye kazi yake.

Chakula sasa. Nakujua, utafika Tanga uone samaki na dagaa wa bei nzuri, moyo wako ulainike. Dagaa wakavu wana mifupa, mifupa ina fosfeti, na juu yake chumvi. Mmoja wa kufichia kidonge sawa. Sahani nzima hapana. Kile chakula cha figo nunua cha kutosha hapa kabla hujaondoka, maana huenda kukipata kule kukachukua muda. Lakini akikigomea, mpe kuku wa kuchemsha bila chumvi ale. Paka asiyekula kabisa siku mbili tatu anaharibika ini, na hilo litamwondoa kabla ya figo.

Mpime uzito kila wiki. Mizani ya kawaida inatosha ikiwa inaonyesha gramu: wewe ukiwa umembeba, kisha wewe peke yako, toa. Yeye ana kilo 3.4. Akipungua gramu 200 utaona ni kidogo, lakini ni sawasawa na mtu wa kilo 70 kupungua kilo 4. Wewe ukipungua kilo 4 mtaa mzima utakuja kukujulia hali.

Na watakucheka, hilo halikwepeki. Watakwambia watoto wa watu wanakosa dawa na wewe unamtundikia paka dripu. Usibishane nao. Pesa ni ya pensheni yako, na mnyama aliyeko ndani ya nyumba yako ni amana yako.

Lipo moja ambalo hatujawahi kulizungumza. Iko siku daktari huyo mpya ndiye atakayemsaidia kuondoka bila kuteseka. Muulize mapema, ukiwa umetulia, anafanyaje: je, humpa kwanza sindano ya usingizi mzito kabla ya ile ya mwisho? Anaweza kuja nyumbani? Akikujibu vizuri, lifunge, msilirudie hadi lihitajike.

Karatasi zote zipige picha unitumie, na mimi nitazipanga kwenye jedwali moja, tarehe, kipimo, namba kwa vipimo vyote viwili. Nitachapa nakala mbili. Daktari mpya mpe moja, nyingine ibaki kwenye pochi yako. Majibu yenyewe halisi usimwachie mtu yeyote, hata akisema atayarudisha kesho. Na dawa za presha za mwezi mzima ziweke kwenye mkoba wa mkononi. Usizitie kwenye masanduku yanayokuja na lori.

Msalimie mjomba. Mwambie tenga la paka halikai chini ya siti.