Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: Watumeni wanafunzi kwa wazee wangali hai

Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia,

Salamu kutoka Songea. Nimefundisha Historia katika shule za sekondari hadi nilipostaafu, na nakuandikia kuhusu somo la Historia ya Tanzania na Maadili, lililoingia sekondari kwa mtaala mpya.

Nililipokea kwa furaha, hasa kwa kuwa linafundishwa kwa Kiswahili. Miaka yote nilisimama mbele ya watoto wa Ruvuma nikiwasimulia vita vya mababu zao kwa Kiingereza. Walichofanya ni kumeza. Muulize yeyote kwa nini wapiganaji wa Majimaji walishindwa na Wajerumani, atakutiririshia: silaha duni, kukosa umoja, kuamini maji ya dawa. Anapata alama zake zote. Lakini mtoto huyo huyo anapita kila siku karibu na kaburi la pamoja la mashujaa walionyongwa tarehe 27 Februari 1906, na hajui kwa nini Nduna Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni, amezikwa peke yake, wala kwamba kichwa chake kinaaminika kupelekwa Ujerumani. Hajui kwamba njaa iliua watu wengi kuliko risasi, kwa sababu Wajerumani walichoma maghala na mashamba. Njaa haikuwemo kwenye madesa, yale maelezo ya kukariri.

Hofu yangu ni kwamba somo jipya litazaa madesa mapya, safari hii kwa Kiswahili.

Njia nyingine ipo, na ni yetu wenyewe. Mwaka 1968 idara ya historia ya chuo kikuu pale Dar es Salaam iliwatuma wanafunzi vijijini kuandika kumbukumbu za wazee kuhusu Majimaji. Ilikuwa imepita miaka 63 tangu vita vianze. Wazee waliokuwa vijana mwaka 1905 walikuwa bado wapo, wakasema, yakaandikwa. Kama wangengoja miaka kumi na mitano zaidi, wangemkuta nani?

Leo tuko pale pale. Aliyekuwa na miaka ishirini wakati wa Operesheni Vijiji mwaka 1974, watu walipohamishiwa vijiji vya ujamaa, ameshavuka sabini. Kijana aliyekwenda vita vya Kagera mwaka 1978 anaikaribia sabini au ameipita. Waliopanga foleni za sukari na sabuni miaka ya themanini wamejaa kila mtaa. Kila msimu tunazika baadhi yao, na tunachozika nao hakimo katika kitabu chochote.

Niliwahi kulijaribu hili na darasa moja la Kidato cha Tatu. Kila mwanafunzi alitakiwa kumuuliza mzee mmoja nyumbani: ulihamia lini hapa, na kwa nini? Kijana mmoja, ambaye sikumbuki kama aliwahi kunyoosha mkono, alirudi na kurasa saba. Bibi yake alimweleza walivyoezuliwa nyumba huku mahindi yakiwa bado shambani, na kwamba hadi leo anakikumbuka kisima cha kule walikotoka. Lakini bibi huyo huyo alimwambia pia kuwa kijiji kipya ndiko alikojifunza kusoma, akiwa mtu mzima, katika elimu ya watu wazima. Kijana alisoma yote mawili mbele ya wenzake. Darasa lilibishana hadi kengele ikalia na hakuna aliyetoka. Na kama tunataka maadili, mtoto aliyekaa saa mbili miguuni pa bibi yake akimsikiliza bila kumkatiza amejifunza heshima kuliko aliyekariri maana yake ubaoni.

Ninachoomba, Mheshimiwa, ni kazi hii iingie rasmi kama kazi mradi ya Kidato cha Tatu, na alama zake zihesabiwe katika upimaji endelevu. Isipohesabiwa haitafanyika, walimu tunafahamiana. Najua madarasa yana wanafunzi themanini na zaidi. Ndiyo maana nasema wafanye kwa makundi ya watano, kwa daftari moja. Hakuna basi la kukodi, mzee yuko nyumbani. Madaftari yakabidhiwe maktaba ya shule yasiishie kufungia maandazi.

Jambo moja zaidi, na hili ni zito. Walimu wapewe ruhusa ya maandishi kupokea majibu yasiyopendeza. Hapa Ruvuma tulikuwa na Umoja wa Maendeleo ya Ruvuma, wanavijiji wa Litowa na jirani zake waliojenga ujamaa kwa hiari yao, na serikali iliupiga marufuku mwaka 1969. Mzee akilisema hilo, mwalimu asiogope kumwachia mwanafunzi aliandike.

Mwezi Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika hapa Songea akaomba msamaha kwa yaliyotendwa na nchi yake. Wanafunzi walikuwa wakiniuliza, "Mwalimu, anaomba msamaha kwa lipi hasa?" Walikuwa wameshafaulu mada hiyo.

Tarehe 27 Februari ijayo tutawakumbuka tena mashujaa wetu. Nakukaribisha. Baada ya shada la maua, tenga saa moja ukae na Kidato cha Tatu wa hapa, uwaulize wanajua nini kuhusu vijiji walikozaliwa.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mwalimu mstaafu wa Historia, Songea