Kazi ya pili: barua kwa binti zetu wanaoigiza, kutoka Kisumu hadi Nakuru

Binti zangu wa Kondele, Maseno, Kakamega, Bungoma, Kisii na Nakuru,

Kila msimu wa tamasha za drama ukiisha, swali huwa ni lile lile: nipate wapi kazi ya kwanza mbele ya kamera? Kazi ya kwanza mtu huipata hata kwa sura, kwa bahati au kwa kujuana. Ngumu ni ya pili. Mwelekezi aliyekaa nawe siku tatu kwenye seti, pale picha inapopigwa, ataipiga simu yako tena, au ndiyo imetoka? Nawaandikia kuhusu hiyo.

Mnapenda kumtaja mwigizaji Lupita Nyong'o, na mna haki, kwani baba yake ndiye gavana wa Kisumu tangu 2017. Ila safari yake mnaanza kuihesabu Machi 2014, aliponyanyua Oscar. Filamu ya The Constant Gardener ilipotoka 2005, baada ya kupigwa humu Kenya, yeye alikuwa mmoja wa wafanyakazi wa nyuma ya kamera. Mwaka wa 2009 aliigiza katika tamthilia ya televisheni ya Shuga jijini Nairobi, na mwaka huo huo akatoa filamu yake ya hali halisi kuhusu watu wenye ualbino. Ndipo akaenda kusomea uigizaji Yale, akamaliza 2012. Kwa hiyo ukipewa kazi ya kumsaidia mtu wa mavazi au kushika ubao unaogongwa mbele ya kamera kila teki, yaani kila mara tukio linaporekodiwa, usiikatae kwa kuwa eti wewe ni mwigizaji. Siku mbili za kusimama karibu na mpiga picha zitakuonyesha kinachomkasirisha.

Watayarishaji wengi wako Nairobi, na nauli ya kwenda na kurudi kwa kila usaili itakumaliza. Basi lako ni video ya majaribio unayojipiga nyumbani. Simu ilazwe ubavu, isisimamishwe wima. Lenzi iwe usawa wa macho, juu ya stendi au rundo la vitabu, si mkononi mwa mdogo wako. Picha ianzie kifuani na iache nafasi ndogo juu ya kichwa. Ukuta uwe mtupu, lakini usiwe mweupe pe: simu hupunguza mwanga ili kuutuliza ukuta, na ngozi yetu nyeusi ikabaki kivuli. Likitokea hilo, bonyeza usoni kwenye kioo cha simu na ushikilie mpaka mwanga ujifunge hapo. Tazama dirisha, usiligeuzie mgongo. Taa za tyubu zizime. Umeme wetu ni wa hatsi 50, yaani mawimbi 50 kwa sekunde, na simu nyingi hurekodi picha 30 kwa sekunde, ndiyo maana mistari hupita usoni kama maji. Kama simu yako inakubali picha 25, iweke hapo.

Anayekusomea maneno ya mwenzako akae kando ya lenzi, na asome kwa sauti ya chini kuliko yako. Yuko karibu na maikrofoni; akisoma kawaida atasikika kama ndiye anayetafuta kazi. Jirekodi asubuhi. Alasiri za Kisumu mnazijua: mvua ikigonga mabati hakuna programu itakayoiondoa. Chumba kikiwa na mwangwi, tundika blanketi mbili nyuma ya simu. Taja jina, urefu na unakoishi, kisha uigize mara mbili, na ya pili iwe tofauti kweli na ya kwanza, ili waone kwamba unaelekezeka. WhatsApp huibana video mpaka macho yapotee. Itume kama faili, au weka kiungo. Na faili iitwe jina lako na la mhusika. Mwenye video mia mbili hafungui ile iliyoandikwa nambari tupu.

Sasa seti. Wengi wenu mmelelewa na tamasha za drama na maonyesho ya vitabu vya fasihi shule kwa shule, ambako sauti lazima ifike kwa mwanafunzi wa safu ya mwisho na kila neno lina mkono wake. Mkiambiwa punguza, mnapunguza sauti na kuacha uso ukipiga kelele. Dawa ni kuzungumza na aliye mbele yako kwa umbali aliko. Kama yuko mita moja, zungumza mita moja.

Tukio moja hupigwa mara nyingi: kwanza kwa mbali, wote mkionekana, kisha uso wa mmoja mmoja. Ukinyanyua kikombe cha chai kwa mkono wa kulia kwenye neno "mama" katika picha ya mbali, kinyanyue kwa mkono ule ule, kwenye neno lile lile, katika kila teki. Usipofanya hivyo vipande havishonekani, na mhariri hana la kufanya ila kukaa kwenye uso wa mwenzako. Wengi hulalamika kwamba wamekatwa kwa chuki, kumbe walikatwa na kikombe. Andika kwa penseli kwenye skripti: mkono upi, neno gani, umeketi au umesimama. Matukio ya kula, mega vipande vidogo mno. Samaki yule wa ufuo wa Dunga ni mtamu teki ya kwanza, si ya tisa. Machozi nayo usiyamalize kwenye picha ya mbali, uso wako haujafikiwa.

Ukiambiwa anza, vuta pumzi moja kabla ya neno la kwanza. Ukimaliza neno la mwisho, usishushe macho mpaka usikie "kata!" Sekunde hizo ndizo mhariri anazotafuta. Alama ya utepe sakafuni, pale unapotakiwa kusimama, huitazami: simama juu yake, rudi kinyumenyume hadi unapoanzia ukihesabu hatua, kisha anza na mguu unaokufikisha. Na nywele! Mradi ukiwa unaendelea, usisuke upya wikendi bila kuuliza. Matukio hayapigwi kwa mpangilio wa hadithi, na mlango unaoufungua Ijumaa huenda ukaingia ndani yake Jumatatu.

Kuhusu lafudhi, msiione aibu, lakini iwe mkononi mwenu. Mwenye Dholuo asikilize "sh" na "z" zake, wa Kisii "l" na "r", wa Bungoma "b", "d" na "g". Soma ukurasa mmoja wa gazeti kwa sauti kila siku, ujirekodi, ujisikilize. Atakayehitaji mama wa Busia atakuita wewe, na atakayehitaji karani wa Mombasa asikuruke.

Mkataba ni sehemu inayofunga mlango wa kazi ya pili bila wewe kujua. Tafuta kipengele cha kuzuiwa: tangazo la sabuni laweza kukukataza matangazo ya washindani mwaka mzima, na malipo hayo lazima yalingane na mwaka, si na siku moja ya kupiga picha. Tazama picha itatumika wapi na kwa muda gani, siku za kazi ni ngapi, saa zikizidi inakuwaje, na nani analipa malazi. Kuwa na PIN ya KRA, mamlaka ya kodi, na ujue kutoa ankara ya eTIMS, mfumo wao wa ankara za kielektroniki, maana tangu 2024 kampuni zinaidai. Ada ya kitaalamu kuanzia shilingi 24,000 kwa mwezi hukatwa kodi ya asilimia 5: kwenye 60,000 inaondoka 3,000. Wakala wa asilimia 15 akichukua kwenye jumla anaondoka na 9,000, unabaki na 48,000. Mkubaliane kwa maandishi kama anakata kwenye jumla au kwenye salio.

Hakuna usaili wa kulipia. Hakuna usaili wa chumba cha hoteli, wala wa saa tatu usiku. Nenda na mtu, na anayekasirika kwa sababu umekuja na mtu, mwache hapo hapo mlangoni. Aliye chini ya miaka 18 hasaini chochote bila mzazi.

Mlio karibu na Nakuru Players Theatre, au na ukumbi wa Mama Grace Onyango hapa Kisumu, kusanyikeni wanne wanne mpigane picha: mmoja aigize, mmoja asome, mmoja ashike simu, na wa nne akae na penseli akihesabu ni neno gani kikombe kiliponyanyuliwa.

Shangazi yenu,
Kisumu