Kabla hujampelekea fundi funguo

Dar es Salaam

Kwako Shabani,

Salaam nyingi. Huku wote wazima. Mama anakusalimia na anasema alikuagiza ndizi mshale, siyo maneno.

Ningekupigia, ila kwenye simu unanikatiza kila nikitamka pistoni. Mudi ameniambia umenunua turbo ya mtumba, kile kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi, na fundi wako ameahidi kuifunga kwenye hiyo Toyota Starlet yako kabla ya mwisho wa mwezi bila kugusa kitu kingine. Hapo pa "bila kugusa kitu kingine" ndipo usingizi uliponiruka.

Injini yako ni 4E-FE, isiyo na turbo. Ndugu yake 4E-FTE, yenye turbo tangu kiwandani, iliyokuja kwenye Starlet GT na baadaye Glanza, ina cc zilezile 1331, lakini Toyota hawakuchomeka turbo wakaenda zao kulala. Kwenye GT walishusha mgandamizo, yaani hewa inavyobanwa ndani ya silinda, hadi 8.2 kwa 1, wakaweka injekta kubwa za kupuliza petroli na kontrol boksi, ule ubongo wa injini, inayojua kusoma hewa ya kusukumwa. Ndiyo maana ikatoa farasi 135 na bado ikadumu. Yako mgandamizo umepita 9 kwa 1. Turbo ikianza kusukuma, sensa ya presha inafika mwisho wa kipimo chake: hewa inaongezeka, petroli haiongezeki. Joto linapanda, petroli inalipuka ovyo, na pistoni inapigwa ngumi ya utosi. Utasikia injini inagonga ukitoka Usa River kupanda mjini. Au hutasikia, kwa jinsi unavyofungulia muziki humo ndani.

Najua utaniambia Arusha hewa nyepesi. Kweli, mko kama mita 1,400 juu, na presha ya hewa huko ni pungufu kwa karibu asilimia 15 kuliko huku pwani. Ndiyo maana gari lilikuwa na pumzi ulipokuja Dar. Dawa ya hilo ni turbo, sibishi. Ninachobishia ni njia.

Ningekuwa wewe ningeiuza hiyo turbo, nijikusanye taratibu, ninunue 4E-FTE nzima iliyotolewa Japan: injini, nyaya zake, kontrol boksi, intakula ya kupoza hewa ya turbo na giaboksi. Ghali, ndiyo. Ila piga hesabu ya kununua turbo leo na injini mwezi ujao. Na hata ukiipata, usikimbilie kupandisha boost, yaani presha ya turbo. Zile zilipangiwa petroli ya daraja la juu ya kwao, siyo hii tunayojaza sisi. Oili nayo usicheleweshe kuibadilisha, maana turbo inalainishwa na oili hiyohiyo ya injini. Ukitoka kulikimbiza gari usizime papo hapo, liache lingurume kidogo lipoe.

Ile ekzosi niliyoiona kwenye picha ni kelele tu. Mzee Kimaro asipokushtaki serikali ya mtaa nitashangaa.

Halafu Mudi anasema unataka kuvuka mpaka ukajaribu Kiamburing, yale mashindano ya magari ya kukimbizana na saa huko Kenya. Safi, nami nitakuja kushangilia. Lakini Starlet haifiki hata tani moja. Kwenye kona, muda utaupata kwa breki, tairi na shokapu kabla ya huo upepo wa turbo. Anza na rejeta na breki mwezi huu. Vyote hivyo utavihamishia hata kwenye... aa, tutaongea.

Narudi kwenye pistoni, utanisamehe. Huyo fundi amepima kompresheni ya silinda zote nne? Gari gani lingine amelifungia turbo, na sasa hivi liko wapi, barabarani au juu ya mawe? Shafti ya hiyo turbo ukiitikisa kwa mkono inacheza? Aliyekuuzia anakubali kuirudisha? Na Rehema anajua hela za bati zimeenda wapi, au nikija Idi nijifanye sijui kitu?

Nijibu haraka.

Wako,
Hamisi