Shabani, antena yako haina kosa

Mwanangu Shabani,

Marahaba. Ujumbe wako nimeupata. Mama yako anauliza kama hilo koti linatosha, umjibu mwenyewe. Mimi niingie kwenye redio.

Unasema kipimo cha Kp kimeshuka hadi 2, ile mianga ya kijani imeondoka juu ya Oulu, huko kwenu Finland, na bado kwenye kilohezi 136 humsikii Mmarekani hata mmoja. Sasa unataka kuishusha antena utafute waya uliokatika. Iache juu. Kp hutolewa kila saa tatu, nayo inakueleza usumaku wa dunia umetikisika kiasi gani katika saa hizo. Hali ya njia inayopita wimbi lako ni habari nyingine.

Tatizo lako umelelewa na masafa ya juu, megahezi 14. Huko dhoruba ya sumaku, ile inayoletwa na jua, huvuruga tabaka la F, tabaka la anga linalorudisha mawimbi ya redio chini, kilomita mia mbili na zaidi kutoka ardhini, na usumaku ukitulia, kwa kawaida siku moja mbili mnasikilizana tena. Wimbi la kilohezi 136, lenye urefu wa mita 2,200 hivi, halifiki huko. Usiku linarudishwa kwenye kilomita mia moja au pungufu. Chini yake kuna tabaka la D, ambalo mchana hulinyonya wimbi, na jua likizama linafifia. Ndiyo maana sisi wa masafa ya chini ni watu wa kukesha, na ndiyo maana Juni, kwenye usiku wenu usio na giza, hukupata kitu.

Sasa tazama dhoruba inavyofanya. Inajaza elektroni kwenye mikanda ya Van Allen, huko nje ambako usumaku wa dunia unazishikilia. Hazishuki zote siku ileile. Mvua ikikatika, paa la makuti huendelea kuvuja, nazo huendelea kudondoka hivyo siku hata siku, wakati mwingine wiki na ushei, zikigonga hewa kwenye kilomita 80 au 90. Usiku wako unakuwa na tabaka la D ambalo halikutakiwa kuwepo. Wa megahezi 14 wameshasahau dhoruba, wewe ndiyo kwanza unaanza kuilipia.

Halafu vuta uzi kwenye tufe, usitumie ramani ya ukutani. Kutoka Oulu kwenda Marekani unapita juu ya Greenland, chini ya ile duara ya mianga inayozunguka ncha ya sumaku. Njia mbaya kuliko zote umeichagua wewe! Wiki hii geuza sikio kusini, Italia na Ugiriki, uone.

Mimi hapa Raskazone jua halinisumbui hivyo. Tanga tuko mbali na duara hilo, na wimbi linalokuja kwangu kutoka kusini mwa Afrika haliligusi. Adui yangu ni radi za vuli, zinakwaruza kuanzia magharibi mpaka alfajiri, na hizi chaja za simu na taa za bei rahisi za majirani. Juzi umeme ulikatika mtaa mzima. Watu wakatoka barazani kulalamika, mimi nikaukimbilia waya wangu wa mnazini: kilohezi 474 pamekuwa peupe kama enzi zile melini, tulipokuwa tukinyamaza redioni dakika tatu kila nusu saa kwenye kilohezi 500 kumsikiliza anayezama. Mama yako akasema nimekuwa mtu wa ajabu. Sikubishana naye.

Kipimo cha kukuongoza wewe ni Dst, kinachoonyesha nguvu ya dhoruba ya sumaku. Hicho kinatoka kila saa kwenye vituo vinne vilivyo mbali na ncha, kimoja kikiwa Hermanus, Afrika Kusini. Anga ikitulia kinakaa karibu na sifuri, dhoruba ikija kinazama. Mei 2024 kilipita hasi 400, dhoruba kubwa kuliko zote tangu 2003. Kikisharudi juu, ongeza siku kadhaa za makuti ndipo umtafute Mmarekani wako.

Na usimsingizie jua kila kitu. Dhoruba hiyo ilipiga tarehe 10 na 11, na tarehe 12 intaneti ikakatika nchini. Hapa kwenye kahawa hukumu ilishatoka: jua. Kumbe ni nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilizokatika baharini, upande wa Afrika Kusini. Mzee mmoja mpaka leo hataki kusikia.

Niandikie Dst ya kila usiku pamoja na ulichokisikia. Saa weka za UTC, zile za dunia nzima, maana kiangazi saa zenu na zetu ni moja, ikifika mwisho wa Oktoba mnarudi nyuma, na mimi hesabu hizo usiku wa manane siziwezi.

Baba yako