Barua ya wazi kwa Waziri wa Masuala ya Maveterani, Kanada: Mwanangu aliniuliza Mynarski ni nani

Mheshimiwa Waziri,

Salaam kutoka Winnipeg. Mimi ni mama wa watoto watatu, mzaliwa wa Dar es Salaam. Kila Novemba wanangu hurudi kutoka shule na ua jekundu kifuani, la kuwakumbuka askari waliokufa vitani. Mwaka jana kitinda mimba wangu alinikuta jikoni nasonga ugali, akauliza: "Mama, Mynarski ni nani?" Nilichojua ni kwamba kuna shule hapa mjini yenye jina hilo, basi. Nikamwambia ale kwanza. Usiku nikasoma.

Andrew Mynarski alizaliwa hapahapa Winnipeg mwaka 1916, wazazi wake wahamiaji kutoka Poland. Mtoto wa wageni, kama wangu. Alikuwa fundi wa kukata ngozi kabla hajaingia jeshi la anga mwaka 1941.

Usiku wa tarehe 12 kuamkia 13 Juni 1944, katika Vita Kuu ya Pili, wiki moja tu baada ya majeshi ya Washirika kutua Normandy, Ufaransa, aliruka kutoka Middleton St. George, Uingereza, katika ndege ya mabomu aina ya Lancaster. Walikuwa watu saba, wakienda kupiga reli za Cambrai, kaskazini mwa Ufaransa. Yeye alikaa kwenye kizimba cha bunduki juu ya mgongo wa ndege. Rafiki yake, Pat Brophy, alikuwa kwenye kizimba cha mkiani, peke yake.

Ndege ya Wajerumani ikawapiga. Injini mbili za kushoto zikafa, moto ukashika ndani, rubani akaamuru wote waruke. Mynarski alikwisha kufika mlangoni alipoona Brophy amenaswa: kizimba kimegoma kuzunguka. Akatambaa kwa mikono na magoti kupita motoni, akakipiga kizimba kwa shoka, kisha akakivuta kwa mikono mitupu. Wapi! Brophy akampungia mkono, nenda. Mynarski akarudi kinyumenyume, nguo na mwavuli wa kurukia vinawaka, akafika mlangoni, akasimama wima, akampigia rafiki yake saluti. Ndipo akaruka. Wafaransa walimwokota akiwa hai, lakini majeraha ya moto yakamuua. Alikuwa na miaka 27. Kaburi lake liko Méharicourt.

Na Brophy? Ndege ilipogonga ardhi ilimrusha nje, akapona. Katika wale saba alikufa mmoja tu, yule aliyekuwa ameshaufikia mlango. Nishani ya Victoria Cross, ya juu kabisa ya ushujaa, aliyotunukiwa Mynarski mwaka 1946 baada ya kufa, ilitokana na ushahidi wa Brophy.

Hilo ndilo lililoninyima usingizi, Mheshimiwa. Kikosi cha ndege za mabomu cha Uingereza kilipoteza wanahewa 55,573, kama 10,000 kati yao wa Kanada. Wengi walianguka usiku pamoja na wenzao wote, asibaki wa kusimulia. Mynarski tunamjua kwa kuwa shahidi alipona. Sisi tunaotoka Dar tunalijua jambo hili kwa upande wa pili: mtaa wetu wa Kariakoo ulipata jina kutokana na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, watu waliobeba mizigo ya jeshi mpaka wakafa njiani, na wengi wao majina yao hayakuandikwa popote.

Sasa ombi langu. Maandishi ya wizara yako yanakuja kwa Kiingereza na Kifaransa. Sawa, ndiyo lugha rasmi. Ila mtoto akirudi na swali, anayeulizwa ni mama, bibi, au mjomba aliyefika majuzi kutoka kambi ya wakimbizi. Naomba kurasa mbili tatu kuhusu Mynarski na wenzake kwa Kiswahili, Kitigrinya, Kiarabu, Kitagalogi, zipelekwe shuleni ziende nyumbani na watoto. Zisitafsiriwe na mashine, tafadhali; nimeshaona inavyotuchekesha. Winnipeg tuna Waswahili wa Kongo, Burundi, Kenya na Tanzania. Tutabishana kidogo juu ya maneno, lakini kazi itafanyika.

Na msiifiche sehemu ngumu. Ndege hizohizo ziliiteketeza Hamburg mwaka 1943, wakafa raia kwa maelfu. Jirani yangu wa Goma, anayejua mlio wa bomu, aliniuliza hilo kabla hata sijamaliza kumsimulia saluti. Watoto wake nao watauliza.

Rasimu ya Kiswahili niko tayari kuisoma bure, hata usiku. Ombi ni moja tu: ifike shuleni kabla ya Novemba, maana kitinda mimba wangu ameshaanza kuwasimulia wenzake, na shoka katika hadithi yake limeshageuka panga.

Wako,
Mama wa watoto watatu, Winnipeg